Kipunji amekula, si kimekula

Kwa sura, neno hili ni ndugu wa kijiko na kitabu: ki- kwa umoja, vi- kwa wingi. Lakini usiseme "kipunji kimekula mahindi". Huyu ni mnyama: kipunji amekula, vipunji wamekula, kama kifaru na kiboko.

Jina ni la Wanyakyusa wa Rungwe. Walimjua kima huyu wa kahawia, mwenye shungi la manyoya utosini, kabla wanasayansi hawajamtangaza mwaka 2005 na kumweka katika jenasi ya Lophocebus. Mwaka 2006, vinasaba vya dume mchanga aliyekutwa amekufa mtegoni, shambani kwa mkulima, vilionyesha undugu wa karibu na nyani. Akapewa jenasi yake mwenyewe: Rungwecebus.

Duniani yuko Tanzania tu: Rungwe na Kitulo, na mbali na huko, Ndundulu katika Udzungwa. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilipata vipunji 1,117. Ukataji miti na mitego vinamwandama.

Kwenye daftari, wingi wake ni kubadili silabi moja tu. Msituni, wingi huo unadai miti iliyosimama.