Chuo cha Ualimu cha Githunguri

Chuo cha Waafrika kilichofunguliwa Kiambu, Kenya, mwaka 1939 kuandaa walimu wa shule huru za Wakikuyu, zilizoenea hadi Nyeri baada ya mgogoro wa 1929 na wamisionari kuhusu tohara ya wasichana. Mwanzilishi, Peter Mbiyu Koinange, alikuwa amesoma Hampton na Columbia, Marekani. Michango ya chuo ilikusanywa kwa marika (makundi ya umri), kila rika likishindana na jingine. Katika michango hiyo ndiko uliko ukuu wa chuo hiki, kuliko katika majengo yake. Jomo Kenyatta alikiongoza tangu 1947. Serikali ya kikoloni ilikifunga 1952, wakati wa Hali ya Hatari, kisha ikapageuza mahali pa kunyongea wapiganaji wa Mau Mau, waliopinga ukoloni.