Njaa Haiishi Siku Chakula Kinapofika

Kupunguza kilo kuna mashabiki. Kubaki na zile zilizobaki, hakuna mtu wa kukupigia makofi.

Nilianza na 94. Baada ya miezi kumi na moja ya githeri ya kupimwa kwa kikombe, chai bila sukari, na kupita kibanda cha chapo pale Kangemi nikiangalia upande ule mwingine wa barabara, mizani ilisoma 73. Nikasema basi, hapa panatosha. Sasa kazi ikawa kula vya kutosha ili nisiendelee kushuka, na wakati huohuo nisirudi nilikotoka. Ukisikia hivyo unaona ni sehemu rahisi. Lakini vidole vilikuwa baridi kama chuma, niko na sweta mbili. Saa saba usiku niko macho naangalia video za watu nisiowajua wakikaanga vitunguu vya pilau. Namaliza sahani, tumbo limejaa, na njaa iko palepale imekaa kama mgeni asiyeaga.

Programu ya simu iliniambia mtu wa urefu wangu na kilo 73 ale kiasi fulani kwa siku. Haikuuliza nimetoka wapi. Na mimi nilivyo, nikikosa jibu kwenye simu naenda kulitafuta kwa waliokufa.

Jambo moja niliweke wazi kwanza. Mimi nilikuwa na unga kabatini muda wote. Watu ninaowataja hapa chini hawakuwa nao, isipokuwa wale wa kwanza, ambao walikubali kunyimwa. Sijifananishi nao. Nimewaendea kwa sababu wao ndio walioacha kumbukumbu ya kitu ambacho watu wachache sana wamekipima: mtu anahitaji nini njaa ikishaisha.

Novemba 1944, vita vikielekea ukingoni, mtafiti Mmarekani aitwaye Ancel Keys aliwakusanya wanaume 36 katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Walikuwa vijana waliokataa kushika bunduki kwa sababu ya imani yao, wakajitolea kwa kazi nyingine. Walilala kwenye vyumba vilivyokuwa chini ya uwanja wa michezo wa chuo. Utafiti huu hukumbukwa kama utafiti wa njaa, na hapo watu hukosea kidogo, maana Keys alichotaka hasa kujua ni namna ya kumrudisha mtu. Ulaya ilikuwa imejaa watu waliobaki mifupa, na hakukuwa na mwongozo wa maana wa kuwalisha.

Kwa miezi mitatu ya kwanza walikula kawaida, kama kalori 3,200 kwa siku. Kisha, kuanzia Februari 1945, miezi sita ya karibu nusu ya hiyo: milo miwili, viazi, mkate, kabeji, makaroni, chakula cha Mzungu aliyeishiwa. Na kutembea kilomita 35 kila wiki, upende usipende. Walianza wakiwa na wastani wa kilo 69 hivi, wakashuka hadi kama 53. Waliona baridi katikati ya kiangazi. Walilamba sahani. Baadhi yao walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kitandani kama riwaya. Nilipofika hapo nilizima simu kidogo, nikacheka peke yangu. Pilau yangu ya saa saba usiku ina ukoo mrefu.

Sehemu tamu inaanza Julai 1945, kulisha kuliporudi. Keys aliwagawa katika makundi manne. Kila kundi liliongezewa kiasi chake juu ya kile cha njaa: kalori 400, au 800, au 1,200, au 1,600. Wale wa nyongeza ndogo, wiki zikapita na karibu hakuna kilichobadilika. Walikuwa wanakula kuliko jana, lakini mwili ukawa kama mtu mwenye deni, kila shilingi inayoingia inaenda kulipa la zamani. Ikabidi wote waongezewe. Hitimisho lake lilikuwa kwamba mtu mzima aliyetoka kwenye njaa ya namna ile anahitaji kama kalori 4,000 kwa siku, kwa miezi, ndipo ajengeke tena. Walipoachiwa wale wanavyotaka, kuna waliokula 5,000 na zaidi, na mmoja alikula hadi akapelekwa hospitalini. Bado walisema wana njaa. Mafuta yalirudi haraka kuliko misuli, na hiyo hamu ya kula ilidumu miezi baada ya mizani kusema kazi imekwisha.

Kwa hesabu yangu mwenyewe nilichukua hilo moja tu. Mimi sikuwa na kilo 69 nilipoanza, nilikuwa na akiba, kwa hivyo kalori 4,000 zingenirudisha 94 kabla ya Krismasi. Lakini niliacha kuichukua njaa kama adui wa kuzidiwa ujanja kwa maji na Big G. Niliongeza chakula polepole, nusu kikombe cha maharagwe hapa, nduma ya asubuhi pale, nikapima kila Jumatatu, nikaongeza tena baada ya wiki mbili. Mizani ilitulia kati ya 74 na 75 nikiwa nakula mamia ya kalori juu ya ile namba ya programu. Vidole vikapata joto. Usingizi ukarudi.

Kuna upande wa pili, wa kulisha kwa pupa, na huo tunaujua vizuri zaidi kwenye ukanda wetu. Mwili uliokaa sana bila chakula umezima mitambo mingi. Ukiumwagia chakula kizito ghafla, madini kwenye damu huporomoka na moyo unaweza kusimama. Baidoa, Somalia, 1992, daktari Steve Collins alikuwa kwenye kituo cha kulishia watu wazima cha shirika la Concern, akihudumia watu waliokonda kuliko vile vitabu vilisema binadamu anaweza kukonda na akaishi. Yeye na wenzake waliona kwamba waliovimba miguu walikufa wachache zaidi walipopewa chakula chenye protini kidogo mwanzoni. Ni kinyume na vile mtu yeyote mwenye huruma angefanya. Ukimwona mtu amebaki ngozi, moyo unakutuma umpe nyama.

Leo ukiingia wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali, iwe Nairobi au Turkana, utakuta utaratibu wenye mawazo hayohayo. Kwanza maziwa yanayoitwa F-75, kidogo kidogo kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Hayo si ya kunenepesha, ni ya kumtuliza tu. Uvimbe ukishuka na mtoto akianza kutaka chakula mwenyewe, ndipo anavushwa kwenda F-100 au ile siagi ya karanga ya kwenye pakiti. Napenda kwamba hamu ya kula ni kipimo rasmi pale. Muuguzi anaisubiri kama habari njema, wakati mimi kwa miezi kumi na moja nilikuwa naisikia kama kengele ya moto.

Keys alikuwa na bahati moja: alijua kila mmoja wa wale 36 alikuwa na uzito gani kabla. Huku kwetu, waliokuja na mizani hawakuuliza swali hilo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Aberdeen, na John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya koloni la Kenya, walisimamia utafiti uliowalinganisha Wakikuyu na Wamaasai. Ripoti ilitoka 1931. (Mwaka huohuo ndio Maktaba ya McMillan ilifunguliwa pale Banda Street, na simba wake wa mawe, ikiwa ya Wazungu tu. Hata kama ripoti ilifika rafu zake, waliopimwa hawangeisoma.) Matokeo yalisema mwanamume wa Kimaasai, mla maziwa, nyama na damu, alikuwa mrefu kwa inchi tano kuliko wa Kikuyu, mzito kwa ratili 23, na mwenye nguvu zaidi kwa nusu. Mkikuyu alikula nafaka, maharagwe na viazi vitamu. Basi tatizo ni mlo: apewe maziwa, apewe madini. Orr alikwenda mbali na kazi yake, akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO mwaka 1945, na 1949 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mwanahistoria Cynthia Brantley aliirudia ripoti ile mwaka 1997 na kuonyesha mambo iliyoyapita mbio. Wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani ambazo wanaume hawakuzigusa, na afya yao ilionyesha. Na ardhi: waliopimwa walikuwa wamebanwa kwenye hifadhi, na malisho ya mifugo yamepungua. Mzani ulisoma mtu wa siku ile, ukaita hiyo desturi ya kabila.

Ndiyo inabidi turudi nyuma kidogo, tena karibu sana na hapa. Ukichukua mat pale tao ukapanda Waiyaki Way, ukipita Westlands na Kangemi hadi Uthiru, unapita katika iliyokuwa ghala la chakula la njia nzima ya kwenda Uganda. Lugard alijenga ngome Dagoretti mwaka 1890, na Fort Smith ikafuata pale Kabete 1891, kwa sababu moja ya tumbo: misafara ilinunua hapa unga, maharagwe na viazi vitamu kabla ya kuingia Bonde la Ufa, ambako hakukuwa na shamba la mtu kwa siku nyingi za mwendo. Kabete ililisha wapagazi kwa maelfu. Halafu katika muongo huohuo vikaja sotoka iliyoua ng'ombe, nzige, mvua kukosa, na ndui. Kati ya 1898 na 1900 watu walikufa kwenye njia na kwenye mashamba. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, katikati ya hayo. Wakikuyu wana desturi ya kuzipa njaa majina, na hii waliiita Ng'aragu ya Ruraya. Ruraya ni Ulaya. Njaa ya Ulaya.

Walionusurika wengi walikimbilia kwa jamaa zao kaskazini, Murang'a na kwingineko, wakingoja mvua. Mvua ilirudi. Kwa mwili wa mtu mmoja hapo ndipo wiki za nyongeza zingeanza, sahani kubwa kidogo kila siku hadi nguvu zirudi. Lakini ili Kabete ijazwe tena ilihitaji mashamba yake, na kuanzia 1902 na 1903 serikali ilikuwa inawagawia walowezi ardhi ya kusini mwa Kiambu, ikisema ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu kama vile nyumba ya mgonjwa aliyelazwa ilivyo tupu. Waliporudi, kuna waliokuta wamekuwa maskwota mahali walipozikwa baba zao. Tume ya Ardhi ya Kenya, ya Jaji Carter, ilipoketi 1932 na 1933, wazee walikuja kueleza habari hiyohiyo: tulitoka kwa sababu ya njaa, hatukuhama. Tume ilikubali kwamba kuna ardhi iliyopotea, ikapendekeza kipande cha fidia, na zile za walowezi zikabaki za walowezi.

Sasa iweke ripoti ya 1931 kando ya hayo. Mtu amepimwa kizazi kimoja baada ya njaa kubwa, mashamba hayajarudi, ng'ombe hawana pa kulishia, halafu anaandikiwa maziwa. Si kwamba maziwa ni mabaya. Ila ushauri huo unafanana sana na ile programu ya simu yangu: sahihi kabisa kwa mtu ambaye hakutoka popote.

Shosh anaishi Uthiru. Huniita mzee wake, kwa sababu nimebeba jina la guka. Nilipofika kwake na zile 73 hakunisifu. "Mzee wangu, umekonda. Uko na shida gani hutaki kusema?" Wenzangu wengi mmeulizwa hivyo na mkakasirika. Lakini huyu ni mtu aliyepanga foleni ya mahindi ya njano mwaka 1984, na aliyeishi miaka ile ambayo Uganda ugonjwa mpya uliitwa slim na hapa kwetu mtu akikonda majirani walianza kuhesabu. Kwa umri wake, kilo zilizopotea ni habari mbaya hadi ithibitishwe vingine. Nilimwambia ni mimi niliyetaka. Aliniangalia muda, kisha akaongeza mwiko wa mukimo, akaongeza mwingine.

Mathe alikuwepo, na mazungumzo ya chakula yakaleta maziwa. Yeye ni wa kizazi cha maziwa ya Nyayo, yale Moi aliyoanza kugawa shuleni 1979. Sidai Moi aliwahi kuisoma ripoti ya Orr. Ila nilifurahi kwamba nusu karne baadaye, kwenye shule ya msingi kule Dagoretti, hatua chache kutoka ngome ya Lugard, dawa ile ilifika kwa pakiti ya pembe tatu. Mathe anasema waliikata ncha kwa meno na kunywa upesi kabla ya kengele, na kwamba yeye alikuwa akibakisha nusu, anaifunga kwa uzi, anampelekea mdogo wake ambaye bado hakuwa ameanza shule.