Rangi yetu kwenye runinga: kutoka Beulah mpaka Viola

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kusema mtoto kamezwa na maboksi ya Marekani. Hapana, nipo, mzima wa afya, ni zamu za usiku tu zilizofuatana. Leo ni siku yangu ya kulala, lakini nimekaa kuandika kwa sababu kuna ujumbe umenikaa moyoni.

Binti wa dada yangu, yupo kidato cha tatu, kaniomba nimtumie losheni ya kung'arisha ngozi "kama ya wasanii wa huko". Nikamuuliza ya nini. Akajibu, "Mamdogo, kwani weusi kama sisi umewaona kwenye tivii?" Nikakosa jibu la haraka. Mimi mwenyewe mnanijua, mweusi tii, shuleni nikiitwa Masizi, na shangazi mmoja ananiita hivyo mpaka leo, eti kwa mapenzi. Basi mwanangu, jibu lako ndilo hili, nalo ni refu kidogo.

Majuzi nilikuwa namhudumia bibi mmoja Mmarekani mweusi. Usingizi ulimpaa, tukawa tunaongea huku runinga ikionyesha michezo ya zamani. Akanihadithia kwamba mwaka 1968, akiwa bado msichana, ukoo mzima ulikusanyika sebuleni kumtazama nesi mweusi. Mchezo uliitwa Julia, ulionyeshwa na NBC mpaka mwaka 1971, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Diahann Carroll. Julia alikuwa nesi, mjane aliyefiwa na mumewe kwenye vita vya Vietnam, akimlea mwanawe peke yake. Hapikii watu, hafagii nyumba za watu. "Tulijivuna," bibi aliniambia, "ila mama yangu alisema: mzuri kweli, lakini hafanani na yeyote wa nyumba hii." Diahann alikuwa mwembamba, rangi ya maji ya kunde. Bibi yangu huyu ni mweusi kama mimi.

Sasa weusi tii walikuwa wapi miaka ile? Walikuwepo jamani, ila jikoni.

Mchezo wa kwanza wa mfululizo wa taifa zima huku uliobebwa na mwanamke mweusi ulianza mwaka 1950, ukiitwa Beulah. Beulah ni mtumishi wa ndani kwa familia ya wazungu: mnene, mcheshi, anamaliza matatizo ya kila mtu nyumbani isipokuwa ya kwake, na mchumba wake hataki kuoa. Mtashangaa nikiwaambia kwamba mchezo huo ulipokuwa redioni miaka ya 1940, sauti ya Beulah ilitolewa kwanza na mwanamume mzungu, Marlin Hurt! Kwenye runinga alianza Ethel Waters, akafuata Hattie McDaniel, aliyeugua baada ya kurekodi vipindi vichache tu na kufariki mwaka 1952, kisha akaja Louise Beavers.

Huyu Hattie McDaniel ndiye mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, mwaka 1940, kwa sinema ya Gone with the Wind. Usiku wa tuzo hoteli ile haikuwa ikipokea watu weusi, ikabidi aombewe ruhusa maalumu, na hata alipoingia aliwekwa kwenye meza ndogo pembeni, mbali na wenzake wa sinema. Alishinda akiwa ameigiza mtumishi. Kwa hiyo utaona mpango ulivyokuwa: mweusi sana na mnene ni yaya, mwenye rangi ya maji ya kunde na mwembamba ndiye anayeruhusiwa kupendwa. Mwili wa mtu ulishapangiwa kazi kabla hajafungua mdomo.

Wapo waliokataa. Mwaka 1963 Cicely Tyson alitokea kwenye mchezo wa East Side/West Side akiwa na nywele zake fupi za asili, bila dawa wala wigi, tena akiwa mfanyakazi wa ofisini. Akaja Esther Rolle. Naye alianza kama mtumishi, kwenye Maude mwaka 1972, lakini walipomtaka aanze mchezo wake mwenyewe, Good Times wa mwaka 1974, alishikilia kwamba familia ile lazima iwe na baba. Wakampa mume. Mwanamke mweusi mwenye umbo la mama zetu akawa na mume anayempenda mbele ya taifa zima. Kwetu sisi ni jambo la kawaida, lakini huko lilihitaji kupiganiwa.

The Fresh Prince of Bel-Air wengi mnaukumbuka, tulikuwa tunauchungulia dirishani kwa jirani. Ulipoanza mwaka 1990, mama wa nyumba ile aliigizwa na Janet Hubert, mweusi, msomi na mnenguaji hodari. Mwaka 1993 tulimwona mama mwingine, Daphne Maxwell Reid, ambaye ni mweupe zaidi. Ugomvi ulikuwa wa mkataba na maelewano kazini, na mwaka 2020 Janet na Will Smith walikaa mbele ya kamera wakapatana. Lakini sisi watoto wa dirishani tulichojifunza ni kwamba mama mweusi aliondoka na mweupe akaja.

Halafu kuna jambo ambalo mimi kama mtu wa hospitali limeniuma zaidi. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilipima rangi zao kwa kadi za kampuni ya Kodak, maarufu kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Sura yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Mweusi akipigwa picha na filamu hizo anatoka macho na meno tu, kisha anaambiwa hana sura ya picha. Kumbe kasoro ilikuwa ya vipimo! Wapiga picha wa siku hizi wamethibitisha hilo. Kwenye mchezo wa Insecure, ulioanza mwaka 2016, mpiga picha Ava Berkofsky alieleza kwamba waigizaji hupakwa mafuta ngozi ing'ae, kisha mwanga huelekezwa kwa namna ya kurudishwa na ngozi ile. Mafuta, wapendwa! Bibi alivyokuwa akitukimbiza na chupa ya mafuta ya nazi, alikuwa mtaalamu asiye na kamera.

Msidhani ni mambo ya sinema tu. Kile kifaa tunachombana nacho mgonjwa kidoleni kupima oksijeni kinatumia mwanga unaopita kwenye ngozi. Desemba 2020 madaktari wa huku walichapisha utafiti kuonyesha kwamba kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa wazungu. Tangu nilisome hilo, nikiwa na mgonjwa mweusi siamini namba peke yake. Namtazama yeye, midomo yake, pumzi yake. Mtu asipoonwa vizuri anaweza kufa.

Mwaka 2014 Viola Davis alipopewa nafasi kuu kwenye How to Get Away with Murder, gazeti kubwa la New York liliandika kwamba uzuri wake si ule uliozoeleka, likimlinganisha na waigizaji weupe zaidi yake. Yeye alishaweka sharti la kuvua wigi mbele ya kamera, na akalivua, akafuta na vipodozi. Mwaka uliofuata akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia. Na jirani yetu Lupita Nyong'o, aliyeonekana kwenye Shuga ya Nairobi mwaka 2009, baada ya kupata umaarufu alieleza wazi kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke akiwa mweupe. Mwanangu, hata Lupita.

Kwa hiyo losheni situmi. Nasema kama nesi: mikorogo mingi ina zebaki, ambayo huharibu figo, au haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuiacha ngozi na madoa meusi yasiyotoka, au dawa kali zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Nitakutumia kitabu cha watoto alichoandika Lupita, Sulwe, cha mwaka 2019. Najua umeshakua, msomee mdogo wako. Na dada, chupa ya mafuta ya nazi nitaomba wewe ndiye unitumie, ya huku haina harufu ya nyumbani.

Na shangazi, nakuheshimu sana, lakini Masizi basi. Jina langu unalijua.

Tuonane panapo majaliwa.