Tai ilikuwa marufuku: harusi zetu na bei yake

Vijana wengi ninaofanya nao kazi hapa Nyarugusu wana mtoto mmoja, wawili, hata watatu, na bado hawajafunga ndoa. Ukiwauliza kwa nini, jibu ni lile lile: pesa hakuna. Ukikaa nao vizuri wanakutajia orodha. Suti na tai, shela nyeupe, keki ya ngazi, gari la kupamba, spika kubwa, mpiga picha, vikwembe vya sare, soda za watu wote, na juu ya yote mahari ya dola. Na kila kimoja wanakiita mila. "Mila yetu ndiyo inataka hivyo." Basi nikaanza kuuliza wazee na kusoma kidogo kidogo, nijue kila kitu kwenye orodha ile kiliingia lini. Kumbe vingi vina tarehe, na tarehe zenyewe si za zamani sana.

Nianze na tai, maana ndiyo iliyonichekesha. Mwaka 1971 Mobutu alibadilisha jina la nchi, Kongo ikawa Zaire, na katika siasa yake ya kurudia asili, suti ya kizungu na tai vikapigwa marufuku. Wanaume wakavaa abacost, koti la kufunga vifungo, halina tai. Jina lenyewe ni maneno ya Kifaransa yaliyokatwa, maana yake ni kama kusema "suti ianguke". Wanawake nao waliambiwa wavae vikwembe, suruali hapana, wigi hapana. Hali hiyo iliendelea mpaka Aprili 1990, Mobutu alipolegeza kamba. Kwa hiyo hesabu mwenyewe: babu na bibi waliofunga ndoa miaka ile ya sabini na themanini, hakuna tai hata moja kwenye picha zao. Mzee mmoja wa jirani yetu anayo picha ya namna hiyo, alivuka nayo Ziwa Tanganyika ikiwa ndani ya Biblia. Bwana harusi ana koti limefungwa hadi shingoni, bibi harusi ana kikwembe na kilemba. Nilipomwonyesha kijana mmoja wa kikundi chetu aliniuliza kama ule ulikuwa mkutano wa chama. Kijana huyo huyo ameahirisha ndoa yake mara mbili kwa sababu ya suti.

Shela nyeupe nayo ina historia fupi. Mwaka 1840, tarehe 10 Februari, malkia Victoria wa Uingereza aliolewa akiwa amevaa gauni jeupe. Kabla yake hata kwao mabibi harusi walivaa rangi yoyote, gauni zuri walilokuwa nalo basi. Watu wakamwiga, wamisheni wakaja nayo huku, na leo binti wa Fizi anaona aibu kusimama kanisani bila nguo ya malkia wa Waingereza. Sisemi shela ni mbaya. Inapendeza. Nasema tu kwamba bibi wa bibi yako hakuijua, na ndoa yake ilisimama. Keki sitaizungumzia, na gari pia, kwa sababu mtu anayeenda kanisani umbali wa dakika kumi kwa miguu anajua mwenyewe kama anahitaji gari.

Mahari ndiyo jambo zito, hapa lazima twende polepole.

Zamani kwetu mahari haikuwa pesa. Washi na Wafuliiru walitoa ng'ombe na mbuzi. Majirani zetu Warundi, tunaoishi nao humu kambini hasa tangu 2015, wanaiita inkwano, nayo ilikuwa ng'ombe, na kwa asiye na ng'ombe hata jembe lilikubalika. Kwingine kijana alitoa nguvu zake, analima shamba la wakwe msimu mzima. Lakini tusiipambe sana zamani hiyo. Mifugo ilikuwa ya baba na ya wajomba, na mara nyingi ng'ombe wa mahari ya dada ndiye aliyemwolea kaka yake mke. Kijana hakuwa na mfuko wake, na binti hakuulizwa sana. Wazee ndio walioshika kamba, kweli kweli. Ila jambo moja lilikuwepo: hakuna aliyebeba harusi peke yake.

Pesa iliingia na Wabelgiji. Walitoza kodi kwa faranga, na ili upate faranga ilibidi uende kufanya kazi. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa 1906 kuchimba shaba Katanga, na wanaume walichukuliwa kutoka mbali, hata Ruanda-Urundi. Mwanzoni kampuni haikutaka wanawake kule. Watu walikuwa wanaugua, wanakufa, wanatoroka. Miaka ya 1920 ikabadilisha hesabu: mwenye mke hatoroki ovyo, na watoto wake watakuwa wafanyakazi wa kesho. Basi ikaanza kuwakopesha wafanyakazi wake pesa za mahari, wakatwe kwenye mshahara. Nilipoyasoma hayo nilinyamaza kidogo. Mahari ya mkopo, ile inayowaumiza vijana wetu leo, ina karibu miaka mia moja, na iliwafaa matajiri wa shaba kabla haijamfaa mkwe yeyote.

Na dola je? Dola ilikuja na njaa ya Zaire. Pesa ilishuka thamani mpaka Oktoba 1993 serikali ikatoa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Milioni tatu! Mtu aliyekuwa ameweka mahari ya binti yake ndani ya sanduku aliamka na makaratasi. Baada ya hapo watu wakazoea kuhesabu vitu vya maana kwa dola, kiwanja, pikipiki, mke pia. Kwa hiyo mzee anayegonga meza leo chini ya turubai akidai dola, ninamwelewa. Ile ni hofu ya 1993 inayoongea. Lakini asiniambie ni mila ya mababu.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Familia ya Zaire, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliandika mahari ndani yake: bwana na familia yake wakubaliane na wazazi wa binti, na angalau sehemu yake itolewe ndipo ndoa ifungwe. Angalia neno hilo, sehemu. Sheria ile ile ilisema rais anaweza kuweka kikomo cha mahari, kisipitwe. Nchi tulizokimbilia zimeandika tofauti. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa. Kenya, sheria ya 2014 inasema kwa ndoa ya kimila inayodai mahari, kiasi kidogo cha ishara kinatosha kuithibitisha. Uganda, mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikataa desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika. Wenye ndugu Nakivale au Kakuma wawaambie.

Sasa ndugu zetu wa mashirika, najua mnachofikiria. Mnatuambia: wafunge ndoa ndogo, wapate cheti, mambo yaishe. Hayaishi. Cheti kinamwonyesha karani kwamba hawa ni mke na mume. Mahari inawaonyesha watu wa koo mbili kwamba sasa ni ndugu. Kwetu wengi, mahari isipotolewa, watoto ni wa upande wa mama, na mama huyo akifariki wakwe wanaweza kuzuia maziko hadi deni lilipwe. Mtu amefiwa na mke, maiti iko ndani, na yeye anazunguka nyumba kwa nyumba kutafuta pesa. Hilo si jambo la kusimuliwa, limetokea. Ndiyo maana kijana anaogopa kumkaribia mkwe mikono mitupu, na ndiyo maana anabaki bila ndoa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Anakimbia aibu ndogo, anaenda kukutana na ile kubwa.

Waliofunga ndoa hapa mwanzoni wanatushinda akili. Kambi ilifunguliwa 1996, watu wametoka Fizi na Uvira na mitumbwi, ng'ombe wamebaki au wameibwa. Mama mmoja aliniambia aliolewa 1998 kwa gauni la kuazima, na gauni lile liliwaolesha mabinti wengine wanne baada yake. Kila mmoja alibadilisha kitu. Wa kwanza alishona lesi shingoni, lesi ya kitambaa cha meza. Wa pili alikuwa mnene, akaongeza vipande vya kikwembe ubavuni. Wa tatu akakata mikono. Wa nne alitoa lesi, akasema haimpendezi. Ukimsikiliza mama huyo unajua nani ni nani kwa gauni. Chakula kilikuwa maharage na ugali wa mahindi ya mgao, kila nyumba ikileta kikombe. Kwaya iliimba bure kwa sababu bwana harusi aliimba besi humo humo. Viti vya kanisa, turubai la jirani.

Hivyo tunavyofanya sasa katika kikundi chetu ni kuiga hawa tu. Kijana na binti wanakaa na karatasi, wanataja vitu vitatu ambavyo bila hivyo hawataona kama ni harusi yao. Vitatu, si kumi. Mmoja alisema anataka mama yake acheze mbele ya watu. Mwingine alitaka picha moja tu, lakini ichapishwe, isibaki kwenye simu. Vingine vyote vinaazimwa au vinaachwa. Kikwembe kizima cha yadi 6 kinakatwa vipande 3, wasimamizi wakivaa kipande kama kilemba au tai sare imepatikana. Upatu wa kila wiki unaanza mapema, miezi minane kabla, na hela haikai kwa bwana harusi, inakaa kwa mama mwenye heshima yake.

Kwa mahari tunawatuma wazee, siyo vijana. Mwezi uliopita baba mkwe mmoja alianza na dola mia nane. Mjomba wa kijana hakubisha. Alimwuliza taratibu yeye mwenyewe alioa kwa nini, na kama alimaliza. Watu wakacheka, na yeye akacheka. Wakakubaliana mbuzi mmoja sasa, kikwembe cha mama mkwe, jembe, na kilichobaki kitalipwa kadiri Mungu atakavyojalia, bila tarehe, na hakuna maiti itakayozuiwa. Hilo la mwisho binti ndiye aliyetaka liandikwe. Limeandikwa kwenye daftari la shule, nakala mbili, moja kwa shangazi wa binti na moja kwa mjomba. Ndoa ni Jumamosi ya pili baada ya mgao.