Tasnifu ya Mnasihi: Asili ya Shahada ya Uzamivu katika Saikolojia ya Unasihi

Anayesomea uzamivu katika saikolojia ya unasihi kwenye chuo kikuu cha Marekani hudaiwa mambo mawili ambayo kwa haraka huonekana hayaendani. Huketi na watu wenye shida kwa mamia ya saa, akiongozwa na msimamizi, na baadaye hutumikia mwaka mzima wa utarajali. Wakati huohuo hutakiwa kubuni utafiti wake, kukusanya data, kuzichambua kwa takwimu na kutetea tasnifu mbele ya jopo. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba sharti hili la pili liliazimwa kutoka saikolojia ya tiba. Mwaka 1949, katika mkutano wa Boulder, Colorado, wanasaikolojia wa tiba walikubaliana kwamba mwenzao lazima awe mtafiti na mtendaji kwa pamoja. Mwaka 1951 wenzao wa unasihi walikutana Chuo Kikuu cha Northwestern, wakaitambulisha fani yao kwa jina jipya na kuandaa viwango vya mafunzo ya uzamivu vilivyochapishwa mwaka uliofuata. Tarehe hizo ni sahihi, na mfano wa Boulder ulifuatwa bila kificho. Lakini walichoazima wanasihi kilikuwa umbo la shahada tu. Hoja ya utafiti walikuwa nayo zamani, na waliipata kwenye kazi ya kuwashauri watu kuhusu ajira.

Kazi hiyo ilianza na upungufu uliokuwa wazi. Frank Parsons alipofungua ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston mwaka 1908, alikuwa na wazo zuri: kijana ajifahamu, aifahamu kazi, kisha apime kwa akili uhusiano wa viwili hivyo. Alichokosa ni njia ya kuhakikisha. Aliuliza maswali mengi na kutazama hata umbo la kichwa cha mteja wake, akafariki mwaka huohuo, kitabu chake kikatoka 1909 bila mtu kujua kama vijana wale walisaidika. Hata hivyo, ushauri wa kazi una sifa ambayo aina nyingine za ushauri hazina kwa uwazi uleule. Miaka ikipita, matokeo yake huonekana: mtu yumo katika kazi ile au hayumo, alihitimu au aliacha masomo. E. K. Strong wa Chuo Kikuu cha Stanford aliitumia sifa hiyo. Alitoa dodoso lake la mapendeleo ya kazi mwaka 1927, akawafuatilia waliolijaza wakiwa wanafunzi, na mwaka 1955 akachapisha matokeo ya miaka 18 baada ya chuo. Huko Minnesota, E. G. Williamson na Edward Bordin walilinganisha wanafunzi waliopata unasihi na wenzao wasioupata, wakachapisha matokeo mwaka 1940. Robo karne baadaye David Campbell aliwatafuta tena watu walewale. Taarifa yake ya 1965 ilionyesha tofauti iliyowapendelea walionasihiwa, lakini ndogo. Kwangu udogo huo ndio ushahidi mzito zaidi katika historia nzima ya fani hii. Watu waliokuwa wakila kwa kazi hii waliipima kwa miaka 25, kisha wakachapisha jibu lisilowatukuza.

Mtu anaweza kupinga akidai kwamba uzamivu huu ulizaliwa na fedha za serikali, na hoja za kisayansi zikaja baadaye kuupamba. Kuna ukweli hapo. Sheria ya 1944 iliwafungulia askari waliorudi vitani milango ya vyuo, na idara ya serikali inayowahudumia ilihitaji watu wa kuwaelekeza kwenye masomo na ajira. Mwaka 1952 idara hiyo iliweka cheo cha mwanasaikolojia wa unasihi, na sifa yake ikawa shahada ya uzamivu. Lakini fedha huamua zaidi ni wangapi watafundishwa kuliko wafundishwe nini. Serikali hiyohiyo, baada ya Wasovieti kurusha Sputnik mwaka 1957, ilipitisha sheria ya 1958 iliyogharimia mafunzo mafupi kwa washauri wa shule, na fedha zikatumika bila kudai tasnifu. Kilichowafanya wa Northwestern waidai ni mazoea waliyokuwa nayo tayari.

Pingamizi zito zaidi linamtaja mwanasaikolojia Carl Rogers. Inasemwa kwamba yeye ndiye aliyeigeuza fani kutoka kwenye vipimo hadi kwenye mazungumzo, hivyo mizizi ya kweli iko kwenye tibazungumzo. Ni kweli kwamba Rogers aliwapinga watu wa Minnesota waziwazi, naye alishinda mioyo ya wanafunzi wengi. Lakini tutazame alivyofanya. Akiwa Chuo Kikuu cha Ohio State alirekodi vikao kwa mashine, na kitabu chake cha 1942 kikabeba maneno yote ya mteja mmoja na mnasihi wake, tangu kikao cha kwanza hadi cha mwisho. Kabla yake, kwa kawaida tulichokijua kuhusu kikao kilikuwa kile alichokikumbuka mnasihi mwenyewe. Rogers alibadilisha kitu kinachochunguzwa, na wajibu wa kuchunguza ukabaki palepale.

Limebaki dai ambalo haliwezi kupuuzwa: vipimo hivyo vyenyewe vilidhulumu. Dodoso la Strong lilikuwa na toleo la wanaume, na mwaka 1933 likapata toleo tofauti la wanawake lenye orodha nyingine ya kazi. Msichana aliyelijaza hakupimwa kwa baadhi ya taaluma ambazo kaka yake alipimwa. Wanaotumia mfano huu kuonyesha kwamba takwimu hazifai katika kazi ya kuwasikiliza watu wanasahau jinsi dhuluma hiyo ilivyoondolewa. Waliolishtaki dodoso katika miaka ya 1970 ni wasomi wa fani yenyewe, waliokuwa na ujuzi wa kuonyesha kasoro iko kwenye swali lipi na kwenye kundi lipi la kulinganishia. Mwaka 1974 matoleo mawili yakaunganishwa. Mnasihi asiyefundishwa utafiti angeona uchungu wa msichana yule, na angestahili sifa kwa kuuona, lakini asingeweza kukisahihisha chombo chenyewe.

Wengi wenye shahada hii hawachapishi tena baada ya tasnifu, na kwa sababu hiyo mkutano wa wanasaikolojia uliofanyika Vail mwaka 1973 uliidhinisha uzamivu wa aina ya pili kwa ajili ya watendaji. Saikolojia ya tiba iliipokea njia hiyo kwa wingi. Wanasihi, walipokutana Georgia mwaka 1987, walishikilia ile ya mtafiti-mtendaji, na naona walikuwa sahihi. Tasnifu humlazimisha mtu, angalau mara moja, kuandika anachotarajia kabla ya kuona data, kisha kuitetea tofauti iliyojitokeza. Baadaye, ofisini, mteja akimwambia kwamba amesaidika, anajua bado ana jambo la kuuliza: kwa kulinganisha na nani, na kwa muda gani?