Jembe, kalamu, na sasa kompyuta

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Vijana wa leo wakiambiwa hivyo hucheka, wakidhani wanataniwa. La hasha, ni kweli tupu. Na kwa kuwa wiki hii swali letu ni kama kila mtoto afundishwe shuleni kutumia kompyuta kwa vitendo, inafaa tuanzie hapo. Wahenga walisema, usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye ikaamuliwa kwamba hesabu za Serikali zihamishiwe kwenye mashine. Mambo yakaenda kombo. Wataalamu walikuwa wageni, wazalendo waliofunzwa walikuwa wachache mno, na hesabu zikavurugika hadi kazi ikarudishwa mikononi mwa makarani. Fedha zilipotea. Machungu hayo ndiyo yaliyochangia marufuku, ambayo ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980.

Hebu tujiulize, mashine ilikuwa na kosa gani? Ilikuja kabla ya watu wa kuitumia. Nasi, badala ya kufundisha watu, tukaifungia mashine mlango.

Sasa twende Rungwe, kwani huko kuna historia ndefu inayoonyesha nani hufundishwa kazi na nani huachwa nyuma.

Kabla ya shule za wageni, Wanyakyusa walikuwa na utaratibu wao. Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka kumi hivi, alitoka kwa baba yake akaenda kujenga kibanda pamoja na wenzake wa rika moja. Walichunga ng'ombe wa baba zao, na baadaye wakashika jembe. Godfrey na Monica Wilson, watafiti walioishi huko katika miaka ya 1930, waliandika habari za vijiji hivyo vya marika. Wasichana hawakuwamo, na hilo lilikuwa pungufu kubwa. Lakini hapakuwa na mtihani wa kuchuja. Rika zima lilijifunza.

Mwaka 1891 wakafika wamisionari wa Kimoravian, wakajenga kituo chini ya Mlima Rungwe. Walifundisha kusoma na kuandika, na pia useremala na kuchoma matofali. Polepole wananchi wakang'amua jambo. Fundi seremala alipata heshima, lakini karani mwenye kalamu pale bomani Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, ndiye aliyepata mshahara wa uhakika. Kwa hiyo Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki mwaka 1924 na kushauri Waafrika wafundishwe zaidi kilimo na ufundi, Waafrika wengi waliosoma waliguna. Walihisi wanapewa jembe ili wengine wabaki na kalamu.

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hilo. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alisema elimu ya msingi isiwe ngazi ya kuwapeleka wachache sekondari, bali ijitosheleze, kwani wengi wangeishia hapo. Shule iwe pia shamba au karakana. Wazo lilikuwa zuri. Lakini sote tunajua lilivyogeuka katika shule nyingi: shamba likawa adhabu ya waliochelewa, na mtihani ukaendelea kupima yaliyo daftarini tu. Mtoto akajifunza kulichukia jembe.

Hofu yangu ni kwamba kompyuta nayo inaelekea njia hiyo hiyo. Niliwahi kutembelea shule moja, sitaitaja, nikakuta kompyuta zimefunikwa vitambaa katika chumba kilichofungwa kufuli. Ufunguo ulikuwa kwa mwalimu aliyesafiri. Darasani, wanafunzi walikuwa wakichora kipanya ubaoni, si kile cha abiria wa Mbeya, bali cha kompyuta, na kukariri majina ya sehemu zake. Huko ni sawa na kufundisha kuogelea kwa chaki.

Wapo watakaosema, shule haina madawati, walimu wa hisabati hawatoshi, umeme unakatika, kompyuta za nini? Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Lakini haitufikishi mbali, kwa sababu teknolojia haikusubiri madawati. Imeshaingia mfukoni mwa kila nyumba kupitia simu. Mama muuza ndizi anatumiwa ujumbe unaosema ile hela itume kwenye namba hii, naye anatuma, mtaji unakwenda. Asiyefundishwa ndiye anayeliwa.

Kumfundisha kila mtoto si kumfanya kila mtoto mhandisi. Ajue kuandika barua na kuitunza, kupanga hesabu katika jedwali, kutafuta habari na kuipima ukweli wake, na kulinda namba yake ya siri. Chukua mkulima wa chai wa Katumba au Mwakaleli. Anauza majani mabichi kwa kilo, mwezi hadi mwezi. Binti yake akijua kujumlisha kilo hizo katika jedwali, akatoa gharama za mbolea na vibarua, familia itajua kama imepata faida au imejifariji tu. Hapo kompyuta imekuwa jembe na kalamu kwa pamoja.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umefungua mkondo wa amali katika sekondari. Ni hatua njema. Ila tuwe macho, ujuzi wa kompyuta usiwe mali ya mkondo mmoja au ya shule chache za mjini. Tuanze na walimu. Kompyuta kumi zinazoguswa kwa zamu kila siku ni bora kuliko arobaini zilizo chini ya kufuli. Na mtihani umpime mtoto akiwa mbele ya mashine.

Mwaka 1974 tuliiogopa mashine kwa sababu wachache tu ndio walioijua. Wazee wa Rungwe walijua zamani kwamba kazi ya lazima hufundishwa rika zima. Safari hii wasichana nao wawemo.