Mzigo wa Mpagazi Mwenyewe

Wageni wanaokuja kutembea kwenye milima ya Uluguru huanza kujiandaa wakiwa bado kwao, na wakifika hapa Bigwa, Morogoro, mabegi yao huniambia kila walichokiogopa. Huyu kaogopa mbu, yule kaogopa njaa, wa tatu kabeba kiti cha kukunjua. Mimi kazi yangu ni kupika na kufunga mizigo ya safari hizo, kwa hiyo hata vitabu vya waliopita hapa zamani navisoma kwa jicho la mfunga mizigo.

Stanley, kwa mfano, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta mmisionari Livingstone. Mwaka 1871 alifika Unguja akiwa hajui anunue nini. Fedha bara haikuwa na kazi. Chakula kililipwa kwa nguo, ushanga na waya. Mfanyabiashara mmoja Mwarabu, Sheikh Hashid, ndiye aliyempigia hesabu: watu 100 hula kwa doti 10 za nguo kwa siku. Basi akanunua merikani, kaniki na nguo za rangi, akafunga mizigo isiyozidi pauni 70 kila mmoja, yaani kama kilo 32 kichwani au begani kwa mtu. Akaongeza mashua, farasi wawili na kigari cha kuvutwa na punda. Aliondoka Bagamoyo mwezi Machi, masika yakimjia usoni. Farasi wakafa wote wawili hata kabla ya Mikese, na kigari kikashindwa na njia, maana njia yenyewe ilikuwa ya kupita mtu mmoja nyuma ya mwenzake.

Baada ya Mikese alikutana na msafara wa pembe wa Salim bin Rashid, uliokuwa ukitoka bara. Salim ndiye aliyempa habari kwamba Livingstone alikuwa Ujiji, mzee mwenye ndevu ndefu za mvi. Habari iliyokuwa ikitafutwa ng'ambo ya bahari ilipatikana karibu na huku kwetu, kwa mtu aliyekuwa anarudi pwani na biashara yake.

Mbele kidogo, kando ya mto Ngerengere, ulikuwapo mji wa Simbamwene, wenye ukuta wa mawe, uliojengwa na Kisabengo. Yeye alikuwa amekwisha kufa. Aliyetawala ni binti yake. Binti akadai hongo, kama ilivyokuwa desturi kwa kila anayepita. Stanley akakataa, akisema msafara wake uliotangulia ulikwisha kulipa. Baadaye askari wake waliorudi nyuma kumtafuta mpishi wao walifungwa minyororo mjini hapo na bunduki zao zikachukuliwa. Stanley aliandika kwa hasira. Mimi namwelewa yule mama. Mgeni mwenye nguo za kutosha miaka miwili anapitaje mlangoni kwako mikono mitupu?

Milima yenyewe, misafara iliizunguka. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke mwaka 1857 walipita kusini yake, upande wa Zungomero, wakaugua homa. Stanley alipita kaskazini. Juu walikuwako Waluguru, na wengi walipanda huko kukimbia watekaji wa watumwa. Wazungu walioanza kupanda kwa kupenda kwao walikuja baadaye na walikuja kukusanya mimea na wanyama: Stuhlmann mwaka 1894, Goetze mwaka 1898, kisha Loveridge mwaka 1926. Ndege mmoja, chozi, asiyepatikana popote duniani isipokuwa huku juu bado anaitwa kwa jina la Loveridge. Waliowaonyesha njia hawakupewa hata mdudu.

Ninachokitafuta mimi kwenye vitabu hivyo ni mzigo wa mpagazi mwenyewe, na ni nadra kuuona ukihesabiwa. Juu ya zile pauni 70 za tajiri, yaani frasila mbili, alikuwa na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Ngata ya kichwani alisokota mwenyewe.

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, hata hayo machache yalipungua. Waingereza waliingia Morogoro tarehe 26 Agosti, Wajerumani wakarudi nyuma kupitia pande zote mbili za milima kuelekea Kisaki, na majeshi yote yaliishi kwa migongo ya wabeba mizigo. Katika vita vile wabeba mizigo walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Barabara ya kutoka hapa Bigwa kwenda Matombo na Kisaki leo ina pikipiki na magari ya ndizi. Wazee wa bibi yangu waliijua kama njia ya kukamatwa, na mwanaume mwenye akili alilala msituni.

Kilimanjaro siku hizi kuna kanuni: mpagazi habebi zaidi ya kilo 20 za mgeni, na mizani iko getini. Huku kwetu mizani ni yangu, ya kupimia nyama, inaning'inia kwenye mwembe. Kijana anayebeba huja alfajiri, "Shikamoo mama," nami namwambia aweke kwanza begi la kwake: gambuti, blanketi, koti la mvua, maana kwenye kilele cha Lupanga hunyesha hata kiangazi, na matope ya kule kwenye mizizi hayana adabu. Likishapimwa ndipo nafungua la mgeni na kuanza kupunguza. Kiti cha kukunjua kinabaki kwangu mpaka washuke; wateja wangu wa chai wanakipenda sana.